Ukuta Ambao Haukujengwa: Mapitio ya Kinga ya Mafuriko ya Mji wa Pickering

Mji wa Pickering uko katika kaunti ya North Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, kwenye ukingo wa kusini wa nyanda za juu za North York Moors, ambazo ni hifadhi ya taifa. Una wakazi takriban elfu saba, soko, jumba la makumbusho, stesheni ya treni ya mvuke inayopendwa na watalii, na mto mdogo uitwao Pickering Beck unaopita katikati ya hayo yote. Mto huo ulifurika mwaka 1999, ukafurika mwaka 2000, ukafurika tena mwaka 2002, kisha mwezi Juni mwaka 2007 ukaingia majumbani na madukani kwa hasara iliyokadiriwa kufikia paundi milioni 7. Huduma ninayoipitia hapa ni ile ambayo mji uliipata baada ya mfululizo huo: mpango wa kinga ulioitwa Slowing the Flow, ulioanza mwaka 2009 na kukamilika mwaka 2015. Nitauangalia kama inavyopaswa kuangaliwa huduma yoyote inayolipiwa na fedha za umma, yaani kwa kuuliza iligharimu nini, inafanya nini hasa, imejaribiwa wapi, na ni nani anayebaki nayo mkandarasi akishafungasha vifaa vyake.

Pendekezo la awali halikuwa hilo. Lilikuwa ukuta. Kingo za mto zingeinuliwa kwa zege kupita katikati ya mji ili maji yabaki ndani ya mkondo wake, kwa gharama iliyotajwa kuwa paundi milioni 20. Mradi huo ulikwama kwenye hesabu. Fedha za kitaifa za kinga ya mafuriko nchini Uingereza hutolewa kwa kulinganisha gharama ya kazi na thamani ya mali itakayookolewa, na mji wenye nyumba chache zilizo hatarini hauwezi kushindana katika mizani hiyo na jiji lenye maelfu ya nyumba kando ya mto mkubwa. Kabla ya utaratibu kubadilishwa mwaka 2011, mradi uliovuka mchujo uligharamiwa na serikali kuu, na ule ulioshindwa haukuambulia kitu. Hapakuwa na njia ya kati ambamo mji ungeweza kuchangia kidogo ili upewe kidogo. Kanuni ya namna hiyo ni ya haki kati ya nyumba na nyumba, kwa sababu kila shilingi inakwenda pale inapookoa zaidi, lakini kati ya mji na mji inazaa matokeo ambayo ni vigumu kumweleza mwananchi aliyetoa matope sebuleni mwake mara nne ndani ya miaka tisa.

Wapo wakazi ambao hawakuusikitikia ukuta hata kidogo. Pickering huishi kwa wageni, na mji wa kale uliotenganishwa na mto wake kwa zege ungekuwa umejilinda kwa kuharibu kile kinachowaleta wageni hao. Kwa hiyo halmashauri ilijikuta katika hali ambayo madiwani wengi wa miji midogo wanaijua: suluhisho la kihandisi lipo kwenye makabrasha, fedha hazipo, na hata zingekuwepo, wananchi wasingekubaliana. Wahenga wetu wana methali ya ufa na ukuta. Huko mji ulionyimwa ukuta ukalazimika kupanda milimani kuutafuta ufa.

Kilichofuata ndicho sehemu ninayoipa alama za juu kuliko nyingine zote, ingawa ndiyo inayotajwa kwa uchache zaidi pale mpango huu unaposifiwa. Kuanzia mwaka 2007 watafiti wa vyuo vikuu, wakiwemo wa Oxford na Durham, walikuwa wakichunguza kwa nini wananchi na wataalamu hugombana sana kuhusu mafuriko, na wakaichagua wilaya ya Ryedale, ambamo Pickering ilikuwamo, kama mahali pa uchunguzi wao. Hawakuja na dodoso. Waliunda kikundi cha pamoja, Ryedale Flood Research Group, ambamo wanasayansi wa maji na wakazi wa kawaida walikaa meza moja kwa miezi mingi, wakiangalia ramani, picha na kumbukumbu za mafuriko, na kuulizana maswali kama watu walio sawa. Programu ya kompyuta ya kukokotoa mwenendo wa mto, ambayo kwa kawaida huletwa ikiwa imekamilika na wananchi wakatakiwa kuyaamini majibu yake, ilijengwa mbele yao na kwa maswali yao. Humo ndimo wazo la matuta madogo ya kuzuilia maji juu ya mto lilipofanyiwa hesabu kwa mara ya kwanza, na mwaka 2008 kikundi kikayaonyesha matokeo yake hadharani mjini hapo.

Msomaji aliyewahi kuhudhuria mikutano ya ushirikishwaji wa wananchi katika miji yetu ataelewa kwa nini ninalikazia jambo hili. Mara nyingi mwananchi huitwa wakati michoro imekwishagongwa mihuri, akasaini karatasi ya mahudhurio, akapewa soda, akaambiwa maoni yake yamepokelewa. Kule Ryedale hesabu zenyewe ndizo zilizofunguliwa. Mkazi aliyesema kwamba maji hukwama mahali fulani aliweza kuona kauli yake ikiingizwa kwenye kompyuta, na akaona kama inaungwa mkono na namba au haiungwi. Haikuwa lazima awe sahihi. Ilitosha kwamba alikuwa na uwezo wa kushindwa kwa hoja badala ya kushindwa kwa cheo. Sidhani kama mpango mzima ungepata uungwaji mkono uliopata pasipo hatua hiyo, na ukweli kwamba haikutokana na bajeti ya halmashauri bali na fedha za utafiti ni dosari ambayo anayetaka kuuiga mpango anapaswa kuizingatia mapema, maana watafiti wa aina hiyo hawapatikani katika kila wilaya.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 2007 kuikumba sehemu kubwa ya Uingereza, ripoti maalumu iliyotolewa mwaka 2008 ilihimiza kutumia njia za asili sambamba na zile za kihandisi, na serikali ikatafuta mahali pa kufanyia majaribio. Pickering ikachaguliwa. Taasisi ya utafiti wa misitu, Forest Research, ndiyo iliyoongoza, ikishirikiana na wakala wa mazingira wa taifa, mamlaka ya hifadhi, halmashauri ya wilaya, Chuo Kikuu cha Durham na wamiliki wa ardhi. Idadi hiyo ya wabia inachosha hata kuisoma, lakini ina sababu: maji yanayofurika mjini hayaanzi mjini. Yanaanza kwenye mbuga za juu, yanapita msitu wa serikali, yanashuka katika bonde jembamba la Newtondale na kuvuka mashamba ya watu kabla ya kufika kwenye daraja la kwanza la mji. Halmashauri haina mamlaka juu ya hata kimojawapo cha hivyo.

Juu kabisa, kwenye mbuga zenye mimea mifupi ya heather, mpango uliweka vizuizi 187 vilivyotengenezwa kwa kukata mimea hiyohiyo, kuifunga marobota na kuyapanga ndani ya makorongo madogo. Robota la namna hiyo halizuii maji yasipite. Linayachelewesha, na linakamata udongo ambao ungeshuka na kujaza mkondo huko chini. Mifereji ya zamani iliyokuwa imechimbwa ili kuikausha mbuga nayo ilizibwa katika maeneo kadhaa, kwa sababu mfereji unaokausha mbuga kwa haraka ndio huohuo unaoufikishia mji maji kwa haraka.

Katika vijito vya msituni vilijengwa vizuizi vya magogo 167, baadhi kwenye Pickering Beck na matawi yake, na vingine kwenye mto jirani wa Seven, ulioingizwa katika mpango kwa ajili ya kijiji cha Sinnington. Hapa ndipo ubunifu unapoonekana vizuri. Gogo hulazwa kukingama kijito kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, likiachiwa uwazi chini yake, ili siku za kawaida maji na samaki wapite kana kwamba hakuna kitu. Kijito kinapopanda, gogo linaanza kuyashika maji na kuyasukuma pembeni kwenye sakafu ya msitu, ambako mizizi, majani makavu na mashimo huyapunguzia kasi. Kizuizi kimoja hakihifadhi maji ya kutajwa. Nguvu yake iko katika wingi, na katika ukweli kwamba mji haukumbwi na maji yote ya mvua kwa jumla bali na sehemu ile ya maji inayofika kwa wakati mmoja. Yakicheleweshwa nusu saa hapa na dakika kumi pale, kilele cha mafuriko kinapungua kimo ingawa mafuriko yenyewe yanadumu muda mrefu zaidi.

Kanuni hii ina upande wake wa hatari, ambao wapenzi wa njia za asili huupitia haraka mno. Iwapo kijito kilicho karibu na mji, ambacho kwa kawaida humwaga maji yake mapema kabla ya mto mkuu kujaa, kitacheleweshwa, kinaweza kumwaga maji hayo wakati ambapo mto mkuu umefikia kilele, na mji ukapata mafuriko makubwa kuliko ambayo ungepata bila kinga yoyote. Ndiyo maana mahali pa kuweka vizuizi panachaguliwa kwa hesabu, wala si kwa kufuata mahali gogo lilipodondokea. Mtu anayekwenda kukata miti na kuitupa mtoni kwa sababu amesikia habari za Pickering hajasikia habari zote.

Miti nayo ilipandwa kandokando ya mito, takriban hekta 29, mbali na misitu mingine midogo mashambani. Hii ni sehemu ya mpango ambayo haiwezi kuhukumiwa leo. Mti uliopandwa mwaka 2011 hauna mizizi ya kufungua udongo wala shina la kuyakwaza maji kama mti wa miaka 40. Upandaji wenyewe ulikuwa mgumu kuliko ilivyotazamiwa, kwa kuwa ardhi bora kwa ajili hiyo ni ile iliyo bondeni, na hiyo ndiyo ambayo mkulima anaitegemea kwa malisho. Ruzuku ilikuwepo, lakini ruzuku inayomfidia mkulima kwa miaka michache dhidi ya shamba ambalo litakuwa msitu maisha yake yote ni biashara ambayo hata mimi ningeifikiria mara mbili.

Kipande cha mwisho, na kilicho ghali kuliko vyote, ni tuta la udongo lililojengwa kuvuka bonde la Newtondale, juu ya mji. Mto unapita katikati yake kupitia njia ya zege yenye ukubwa uliodhibitiwa. Mtiririko ukizidi kiasi ambacho njia hiyo inaruhusu, maji yanarudi nyuma na kuenea kwenye ardhi iliyo nyuma ya tuta, yakisubiri hadi mto upungue. Uwezo wake ni mita za ujazo 120,000, yaani lita milioni 120. Hili si jambo la asili kwa maana yoyote ya kawaida ya neno hilo. Ni bwawa ambalo kwa sehemu kubwa ya mwaka ni kavu.

Na kwa kuwa ni bwawa, liliiingiza halmashauri katika sheria ya mabwawa ya mwaka 1975. Sheria hiyo inataka hifadhi yoyote inayoweza kushikilia zaidi ya mita za ujazo 25,000 juu ya usawa wa ardhi ijengwe na kusimamiwa kwa viwango vikali, kwa sababu tuta likipasuka lina uwezo wa kuua. Fikra ya awali ya matuta mepesi na ya gharama ndogo ikabidi iandikwe upya, kazi ikachelewa kwa miaka, na gharama ikapanda. Nimeona watu wakililaumu hilo kama urasimu. Siungani nao. Tuta hilo limekaa juu ya mji wenye watu elfu saba, na mtu anayetaka kupunguza viwango vya usalama wake ili apunguze bei anapaswa kwanza akahamie nyumba iliyo ya kwanza chini yake.

Hapo ndipo serikali ya mitaa ilipotakiwa kuonyesha msimamo wake kwa fedha badala ya maneno. Halmashauri ya Wilaya ya Ryedale ilikubali kuchangia karibu paundi milioni moja, kiasi kizito kwa wilaya ya vijijini yenye watu wachache. Uzito huo unaeleweka vizuri zaidi ukikumbuka kwamba Pickering haikuwa mji pekee wa wilaya hiyo uliojua mafuriko: Malton na Norton, miji pacha kwenye mto Derwent, ilifurika vibaya mwaka 1999 na mwaka 2000, ikajengewa kinga zake kwa fedha za kitaifa. Diwani anayewakilisha kijiji kisicho na mto ana haki ya kuuliza kwa nini kodi ya watu wake iende kulinda maduka ya mji mwingine. Jibu pekee lenye mashiko ni kwamba mji wa soko ukifungwa kwa miezi, vijiji vinavyouzunguka vinafungwa nao kwa njia ya ajira, shule na huduma. Naliona jibu hilo linatosha kwa mji mmoja. Lingehitaji kufikiriwa upya kama kila mji ungeleta ankara yake siku hiyohiyo.

Mpango mzima, pamoja na tuta, uligharimu sehemu ndogo tu ya zile paundi milioni 20 za ukuta. Ulilenga kupunguza uwezekano wa mji kufurika katika mwaka wowote kutoka asilimia 25 hadi asilimia 4 au chini yake. Namba hizi zinatajwa sana na kufikiriwa kidogo. Mji ambao kila mwaka una uwezekano wa asilimia 25 wa kufurika unakaribia kuwa na hakika ya kufurika angalau mara moja katika miaka 25, na kwa kweli utafurika mara kadhaa. Ukiushusha uwezekano huo hadi asilimia 4, bado katika miaka hiyohiyo 25 uwezekano wa mafuriko angalau mara moja ni kama asilimia 64. Mtu anayenunua nyumba kwa mkopo wa miaka 25 na kuambiwa kwamba mji sasa una kinga anapaswa kuonyeshwa hesabu hii, kwa sababu alichouziwa ni mafuriko machache zaidi, hakuuziwa ukavu. Ukuta wa milioni 20 pengine ungempa zaidi. Huo ndio ukweli wa huduma yenyewe, na katika taarifa nyingi za kuitangaza umewekwa mahali pasipoonekana kwa urahisi.

Jaribio la kwanza lilikuja mapema. Tuta lilikamilika mwezi Septemba mwaka 2015, na tarehe 26 Desemba mwaka huohuo, wakati miji mingi ya kaskazini mwa Uingereza ilipozama, Pickering ilipata milimita 50 za mvua katika muda wa saa 36. Mji haukufurika. Tathmini iliyotolewa mwaka uliofuata ilikadiria kwamba kilele cha mtiririko kilipunguzwa kwa asilimia 15 hadi 20, takriban nusu yake ikitokana na magogo, marobota na miti, na nusu nyingine ikitokana na tuta. Mafuriko yaliepushwa katika nyumba chache, pamoja na jumba la makumbusho la mji.

Magazeti yalilipokea tukio hilo kwa shangwe. Ikaandikwa kwamba mji mdogo ulioshirikiana na maumbile umewashinda wahandisi na zege lao, wakati majiji yenye kuta yakielea. Ni hadithi tamu, na ina kasoro mbili. Mvua iliyonyesha Pickering siku ile haikuwa kubwa kama ile iliyoangukia mabonde ya upande wa magharibi, na mtiririko wake haukufikia ule wa mwaka 2007. Tuta lenyewe halikujaa. Pia nusu ya mafanikio ilitoka kwenye kazi ya kihandisi iliyojengwa kwa udongo na zege chini ya sheria ya mabwawa. Waandishi wa tathmini walikuwa waangalifu, wakasema nyumba chache, nao walisema kweli. Kwa mizani yangu, nyumba chache na jumba la makumbusho katika msimu wa kwanza ni mwanzo mzuri kwa huduma mpya. Kuliita hilo ushindi ni kuichosha huduma kabla haijapata mtihani wake wa kweli.

Kuna upande mmoja wa sera ambao mpango haukuugusa, nao una uzito kwa mkazi kuliko magogo yote. Ni bima. Katika nchi hiyo nyumba iliyofurika mara kadhaa hupandishiwa ada hadi mwenyewe ashindwe kuilipa, na nyumba isiyoweza kupata bima haiuziki kwa mtu anayetegemea mkopo wa benki. Mwezi Aprili mwaka 2016 ulianzishwa kitaifa mfuko uitwao Flood Re, unaowezesha kampuni za bima kuihamisha sehemu ya hatari ya mafuriko ili ada za nyumba za kuishi zisipande kupita kiasi. Mfuko huo umepangiwa kumalizika mwaka 2039, hauhusishi nyumba zilizojengwa kuanzia mwaka 2009, na hauhusishi biashara. Katika mji ambao maduka ndiyo yaliyo jirani na mto, sharti hilo la mwisho lina maana nzito: familia inayoishi barabara ya pili inaweza kupata nafuu, ilhali mwenye duka la barabara ya mbele, ambaye ndiye anayelowa kwanza, anabaki kujadiliana na kampuni ya bima peke yake. Halmashauri haina uwezo wa kubadilisha hilo, lakini ina uwezo wa kulisema, na huduma inayojiita kinga ya jamii ingepaswa kulisema kwa sauti.

Je, huduma ya namna hii inafaa mahali pengine? Jibu langu linategemea kipimo kimoja, nacho ni ukubwa wa eneo linalokusanya maji ya mto husika. Pickering Beck hukusanya maji kutoka eneo lisilofika kilomita za mraba 100. Katika eneo dogo kama hilo vizuizi mia moja na ushee vinahesabika. Bonde la mto Nzoia, ambao matuta yake huko Budalang'i magharibi mwa Kenya yamepasuka mara kwa mara, lina zaidi ya kilomita za mraba 12,000, na kuukabili kwa magogo ni sawa na kuukabili kwa dua pekee. Rufiji ni kubwa zaidi ya hapo kwa mbali. Lakini mito ya mijini inayotoka kwenye vilima vya karibu, kama Msimbazi unaoshuka kutoka upande wa Pugu na Kisarawe hadi Jangwani, ina maeneo ya chini ya kilomita za mraba 300, na kwa mito ya kiasi hicho swali la nini kifanyike huko juu ni swali halali. Hadi sasa jibu la kwanza katika mabonde hayo limekuwa kuwahamisha watu, kama walivyopelekwa Mabwepande baada ya mafuriko ya Dar es Salaam ya Desemba 2011, na kusisitiza ile mita 60 ya kisheria kutoka kwenye mto ambayo shughuli za kibinadamu hazitakiwi kuingia. Kuhamisha watu kunapunguza vifo, na sina neno la kupinga hatua hiyo pale maisha yanapokuwa hatarini. Hakupunguzi hata lita moja ya maji yanayoshuka.

Tofauti nyingine ni mvua yenyewe. Milimita 50 katika saa 36 ni mvua ya kawaida sana kwa mtu wa pwani ya Afrika Mashariki wakati wa masika, ambako kiasi hicho huweza kuanguka kati ya adhuhuri na alasiri. Kizuizi kilichokokotolewa kwa mvua ya taratibu ya Yorkshire kinaweza kung'olewa na mvua yetu na kugeuka kuwa rundo la magogo linaloziba daraja. Anayetaka kuiga aige utaratibu wa kuhesabu, na avipime vipimo vyake upya kwa mvua ya kwake.

Nimeacha mwisho suala la nani anabaki na huduma, kwa sababu ndilo linalonipa wasiwasi zaidi. Halmashauri ya Wilaya ya Ryedale, iliyochangia ile karibu paundi milioni moja, haipo tena. Tarehe 1 Aprili 2023 ilivunjwa pamoja na halmashauri nyingine za wilaya katika kaunti hiyo, na majukumu yake yakaingia katika Halmashauri moja kubwa ya North Yorkshire. Baraza la mji wa Pickering bado lipo, lakini ni baraza la ngazi ya chini kabisa lenye mamlaka machache na bajeti ya makaburi, bustani na mambo ya kiasi hicho. Madiwani waliouelewa mpango kwa sababu walikaa kwenye vikao vya miaka sita wamestaafu, au wamekuwa wachache ndani ya baraza linalosimamia kaunti kubwa kwa eneo kuliko zote nchini humo. Kwa tuta la Newtondale hilo si tishio kubwa. Sheria ya mabwawa inataka liwe na mhandisi msimamizi, na likaguliwe na mhandisi huru angalau mara moja katika miaka 10, awe yupo diwani anayelikumbuka au hayupo. Vizuizi vya magogo havina sheria ya namna hiyo. Vya kwanza vilijengwa zaidi ya miaka kumi iliyopita, ni vya mbao, viko ndani ya maji, na mbao ndani ya maji huoza.